Pima Safari Kabla ya Kulipa Kodi: Somo kwa Familia Zinazotafuta Mtaa wa Kuishi Mombasa

Kila mwisho wa mwezi, mikokoteni na magari ya mizigo hupita mitaani Mombasa yakiwa yamebeba vitanda, mitungi ya gesi na matangi ya maji. Familia zinahama. Kabla ya kufikia hatua hiyo, mzazi huwa amekwisha kumuuliza mwenye nyumba au ajenti maswali manne yanayofahamika: kodi ni kiasi gani, maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, stima ni ya tokeni au ya kuchangia, na usalama ukoje usiku. Ni maswali mazuri. Swali la tano huulizwa mara chache: kutoka mlango huu hadi kazini na shuleni, watu wa nyumba hii watatumia saa ngapi kila siku, na nauli itakuwa kiasi gani?

Swali hilo hujitokeza baadaye, wakati amana imekwisha lipwa na watoto wamesajiliwa katika shule mpya. Baba anaanza kufika nyumbani watoto wakiwa wamelala. Mama anatoka alfajiri, na mtoto wa chekechea anaachwa kwa jirani. Baada ya miezi minne familia inahama tena, inalipa gari la mizigo mara ya pili na amana mara ya pili, na mtoto anabadilisha shule katikati ya mwaka. Somo hili linaeleza jinsi familia inavyoweza kulijibu swali la tano mapema, kwa kalamu, karatasi na asubuhi chache za kujaribu njia.

Kisiwa chenye milango michache

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa, wanaoishi katika kaunti ndogo sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Changamwe, Jomvu na Likoni. Kati ya hizo, Mvita ndiyo kisiwa chenyewe. Afisi nyingi, benki, mahakama, masoko kama Marikiti, na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Coast General viko kisiwani, ilhali wakazi wengi wanalala bara.

Kwa hiyo kila asubuhi umati mkubwa huingia kisiwani kupitia milango michache, na jioni hutoka kupitia milango hiyo hiyo. Upande wa kaskazini upo mlango wa daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980. Upande wa magharibi ipo njia ya Makupa, ambako daraja lililofunguliwa mwaka 2022 lilichukua nafasi ya tuta la zamani. Upande wa kusini kipo kivuko cha Likoni, ambako feri huvusha watu wanaokadiriwa kupita 300,000 kwa siku pamoja na magari. Katika miaka ya karibuni imeongezeka barabara ya Dongo Kundu, inayounganisha Miritini na Kusini Pwani bila mtu kulazimika kuingia kisiwani wala kupanda feri.

Ramani hii ndiyo inayofanya Mombasa iwe tofauti na miji mingi ya bara. Kwingineko, mtu anayekwama katika barabara moja anaweza kukata kona akashika nyingine. Hapa, anayekwama Lights au Kongowea akielekea mjini hana njia ya pili ya karibu. Sharti avuke Nyali. Anayengoja feri Likoni anayaona majengo ya upande wa pili kwa macho, umbali wa takriban nusu kilomita, lakini hawezi kufika mpaka zamu yake itimie. Kwa familia inayotafuta nyumba, jambo la kwanza la kujua si umbali wa mtaa kwa kilomita. Ni idadi ya milango ambayo kila mmoja atalazimika kuipita kila siku, na iwapo ataipita wakati mmoja na watu wote.

Saa za safari zinatoka wapi

Siku ina saa 24 kwa tajiri na kwa maskini. Saa moja inayoongezwa katika safari lazima ipunguzwe mahali pengine, na katika nyumba nyingi hupunguzwa sehemu tatu: usingizi, muda wa kukaa na watoto, na kazi ndogo za jioni zinazoongeza kipato.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua mfanyakazi anayesafiri dakika 60 kwenda na 60 kurudi, na mwenzake anayesafiri dakika 20 kwenda na 20 kurudi. Tofauti yao ni dakika 80 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi, dakika hizo zinafika 1,760, yaani saa 29 na dakika 20 kila mwezi. Kwa miezi 11, ukiondoa mwezi mmoja wa likizo, ni zaidi ya saa 322. Zikigawanywa kwa siku ya kazi ya saa nane, hizo ni siku 40 za kazi ambazo mtu mmoja amezitumia garini kwa mwaka kumzidi mwenzake. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinachojaa ni cha uchovu.

Wataalamu wameliangalia jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1994 mwanafizikia wa Kiitalia, Cesare Marchetti, aliandika kwamba watu wa miji na nyakati tofauti huelekea kutumia takriban saa moja kwa siku katika safari zao za kawaida, wawe wanatembea kwa miguu au wanaendesha magari. Vyombo vya kasi zaidi vikija, watu huhamia mbali zaidi, na saa ile hubaki pale pale. Nao wanauchumi Alois Stutzer na Bruno Frey, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kwa kutumia takwimu za Ujerumani, waligundua kwamba watu wenye safari ndefu za kazini walieleza kuridhika kidogo zaidi na maisha yao. Mshahara mzuri zaidi au nyumba nzuri zaidi haikufidia kikamilifu kile walichopoteza njiani.

Ujerumani si Mombasa, lakini sababu mojawapo inaeleweka hata hapa. Sebule kubwa huzoeleka baada ya miezi michache. Familia huacha kuiona. Foleni haizoeleki, kwa kuwa kila siku inakuja na mambo yake: leo mvua, kesho lori limeharibika darajani, keshokutwa nauli imepanda ghafla.

Kilomita hazisemi ukweli wote

Ajenti wa nyumba hupenda kusema, "Hapa mpaka mjini ni dakika kumi na tano." Huenda hasemi uongo. Huenda alisafiri Jumapili saa nne asubuhi. Safari ya mfanyakazi na mwanafunzi hupimwa kwa namna nyingine, kutoka mlango hadi mlango, na ina vipande vitano: kutembea au kupanda boda boda hadi kituoni, kungoja matatu ijae, mwendo wenyewe barabarani, kubadilisha gari au kungoja feri, na kutembea hadi kazini. Kipande cha tatu ndicho ambacho watu hukikumbuka, ilhali mara nyingi vinne vingine ndivyo vinavyokula muda.

Mfano mzuri ni kivuko cha Likoni. Feri yenyewe huvuka kwa dakika chache, na anayevuka kwa miguu halipi. Kinachotofautiana ni muda wa kungoja, na pia kama mtu ana gari au anatembea. Mkazi wa Likoni mwenye kazi karibu na upande wa pili wa kivuko anaweza kuwa na safari fupi kuliko mkazi wa Bamburi mwenye gari lake. Mwenzake wa jirani, ambaye akivuka anapanda matatu mbili zaidi hadi Changamwe, yuko katika hali nyingine kabisa, na huenda njia ya Dongo Kundu ikamfaa zaidi ikiwa kituo cha kazi chake kiko upande wa Miritini.

Jambo lingine ambalo kilomita hazilisemi ni kubadilikabadilika kwa safari. Tuseme safari huchukua dakika 30 kwa siku nne za wiki na dakika 90 siku ya tano. Wastani wake ni dakika 42, na kwenye karatasi unaonekana si mbaya. Lakini mfanyakazi hajui siku ya tano itaangukia lini. Kama mwajiri wake hana subira, atalazimika kutoka nyumbani kila siku kana kwamba ndiyo siku ya dakika 90. Vivyo hivyo kwa mtoto mwenye mtihani na kwa mama mwenye miadi ya kliniki. Kwa hiyo familia iandike tarakimu mbili kwa kila safari: siku ya kawaida na siku mbaya. Siku mbaya ndiyo inayoamua saa ya kuamka.

Safari ya mtoto ihesabiwe kwanza

Familia nyingi huanza kwa kupima safari ya mwenye mshahara. Mpangilio unaofaa zaidi ni kuanza na mtoto, kwa sababu tatu. Kwanza, mtoto mdogo hawezi kusafiri peke yake. Safari yake ni safari ya mtu mzima pia. Pili, mtoto anahitaji usingizi mwingi kuliko mtu mzima, na dakika anazopoteza alfajiri hazirudishwi na kulala garini. Tatu, njia ya mtoto ina hatari ambazo mtu mzima huzikwepa kwa mazoea, kama vile kuvuka barabara kuu yenye malori.

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinaweka masomo ya darasani katika shule za kutwa kuwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, siku za Jumatatu hadi Ijumaa, kisha michezo na shughuli nyingine hufuata. Mzazi anaweza kuitumia ratiba hiyo kupima siku ya mtoto wake. Mtoto anayeishi dakika kumi kwa miguu kutoka shuleni anaweza kuamka saa kumi na mbili na nusu, akaoga, akanywa chai na akafika kwa wakati. Mtoto wa umri huo huo anayechukuliwa na basi la shule saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa sababu basi huzunguka mitaa mitatu kabla ya kufika, anaamka saa kumi na moja. Kwa wiki moja ya shule, tofauti yao ya usingizi ni saa saba na nusu.

Muda wa alasiri nao una uzito wake. Shule ikifunga saa tisa na nusu na mzazi wa kwanza akafika nyumbani saa moja usiku, kuna saa tatu na nusu ambazo lazima mtu fulani amwangalie mtoto. Iwapo bibi au shangazi anaishi mtaa huo, familia ina hazina ambayo haionekani katika tangazo la nyumba. Asipokuwepo, gharama ya kumlipa mlezi iingizwe katika hesabu kama sehemu ya kodi.

Kwa watoto wadogo zaidi, mzazi akumbuke kwamba elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Afisi ya wadi inaweza kumwelekeza kwenye kituo cha umma kilicho karibu na mtaa anaoutazamia. Wenye watoto wakubwa wakumbuke muundo wa sasa wa elimu: Gredi ya 7 hadi ya 9, yaani sekondari msingi, kwa shule nyingi za umma imewekwa katika viwanja vya shule za msingi. Mtoto wa Gredi ya 3 anaweza kubaki katika kiwanja kimoja kwa miaka mingine sita. Shule iliyo karibu ni faida ya miaka, si ya muhula.

Mfano wa hesabu: nyumba mbili, familia moja

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Zimewekwa ili kuonyesha njia ya kufanya hesabu. Kila familia iweke kodi, nauli na dakika zake.

Baba anafanya kazi Changamwe. Mama ana duka la nguo Mwembe Tayari, kisiwani. Watoto ni wawili, na katika mitaa yote miwili iliyopendekezwa ipo shule ya kutembea kwa miguu. Nyumba ya kwanza iko Kiembeni: vyumba vitatu vya kulala, kodi Sh14,000. Nyumba ya pili iko Mikindani: vyumba viwili vya kulala, kodi Sh18,000. Kwa macho ya haraka, Kiembeni inashinda: chumba kimoja zaidi na Sh4,000 zinabaki mfukoni.

Sasa iingizwe safari. Kutoka Kiembeni, baba anapanda matatu mbili kwa Sh130 na dakika 75 kila upande. Mama anapanda matatu moja kwa Sh80 na dakika 55. Nauli yao ya kwenda na kurudi ni Sh420 kwa siku. Kutoka Mikindani, baba anatumia Sh40 na dakika 25 kila upande. Mama Sh60 na dakika 40. Nauli yao ni Sh200 kwa siku. Tofauti ni Sh220 kwa siku, na kwa siku 24 za kazi inafika Sh5,280 kwa mwezi.

Nyumba iliyoonekana rahisi kwa Sh4,000 imegeuka kuwa ghali kwa Sh1,280. Rahisi huvunja upishi. Na hapo muda haujahesabiwa. Kutoka Kiembeni, wazazi wawili wanatumia dakika 260 kwa siku barabarani. Kutoka Mikindani, dakika 130. Tofauti ya dakika 130 kwa siku 24 ni saa 52 kila mwezi. Baba anayetoka kazini saa kumi na moja jioni anafika Mikindani saa kumi na moja na dakika 25, bado kuna mwanga na watoto wanacheza nje. Akiishi Kiembeni anafika saa kumi na mbili na robo, giza likikaribia.

Lakini mfano huu usichukuliwe kuwa unasema Mikindani ni mtaa bora kuliko Kiembeni. Badilisha jambo moja tu: baba apate kazi Bamburi. Sasa kutoka Kiembeni anatumia Sh30 kila upande, na kutoka Mikindani Sh130. Nauli ya familia kutoka Kiembeni inakuwa Sh220 kwa siku, na kutoka Mikindani Sh380. Tofauti ya Sh160 kwa siku 24 ni Sh3,840, ukiongeza ile Sh4,000 ya kodi, Kiembeni inaokoa Sh7,840 kwa mwezi. Mtaa ni ule ule, nyumba ni zile zile, na jibu limepinduka. Hakuna mtaa unaofaa kila familia. Kuna mtaa unaofaa safari za familia fulani, kwa miaka fulani ya maisha yake.

Wakati ambapo mbali ni sawa

Kuna familia zinazochagua safari ndefu kwa sababu za kweli, na somo hili halizikosoi. Wengine wamenunua kiwanja na wanajenga polepole. Kila mwezi wanaokaa kwenye chumba walichojenga ni mwezi usio na kodi. Wengine wanaishi karibu na wazazi wazee wanaohitaji uangalizi. Wengine wana mtoto mwenye pumu na wanatafuta hewa iliyo mbali na malori. Wengine wanafanya kazi kwa zamu, wanaingia saa nne usiku na kutoka alfajiri, wakati milango ya kisiwa iko wazi. Kwao Utange au Mtwapa inaweza kuwa karibu kuliko inavyoonekana kwa mtu wa afisi.

La msingi ni kwamba uamuzi ufanywe kwa kujua bei yake. Familia inayosema, "Tunajua tutapoteza saa mbili kwa siku, lakini baada ya miaka mitatu nyumba itakuwa yetu," imepanga. Inayogundua saa hizo mbili baada ya kuhamia imepangiwa.

Wanaofikiria kuvuka mpaka wa kaunti, kwa mfano kuhamia Mtwapa katika Kaunti ya Kilifi au Ukunda katika Kaunti ya Kwale huku wakiendelea kufanya kazi Mombasa, wakumbuke kwamba huduma za kaunti zitakuwa za kule wanakolala. Kituo cha afya, chekechea ya umma na leseni ya biashara ya nyumbani vitasimamiwa na serikali nyingine ya kaunti.

Mtaa wenyewe: mambo yanayopunguza safari

Mtaa unaofaa familia ni ule unaopunguza idadi ya safari zinazohitaji nauli. Mzazi anapotembelea nyumba, azunguke kwa miguu kwa nusu saa na ajionee kama haya yanapatikana bila kupanda gari: chekechea na shule, zahanati au kituo cha afya, soko au vibanda vya mboga na samaki, mahali pa ibada, duka la dawa, na uwanja au nafasi ambapo watoto wanacheza bila kukimbizana na boda boda. Kila kimoja kinachopatikana kwa miguu ni nauli iliyookolewa wiki baada ya wiki.

Aangalie pia njia ya kwenda huko. Je, mtoto atavuka barabara kuu? Kuna kivuko cha miguu au matuta ya kupunguza kasi? Kuna taa za barabarani kati ya kituo cha matatu na nyumba? Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, njia hiyo inapitika au hugeuka bwawa? Swali la mwisho aulizwe muuza duka wa mtaa, si ajenti. Muuza duka ameiona mvua ya miaka mingi na hana cha kuuza katika jibu lake.

Huduma za dharura zina uzito wa peke yake. Wakazi wa Likoni wana hospitali yao ya kaunti ndogo, na vivyo hivyo Port Reitz kwa upande wa Changamwe na Tudor kwa upande wa kisiwa. Familia yenye mjamzito, mtoto mchanga au mzee mgonjwa ipime njia ya hospitali saa sita usiku pamoja na ile ya saa mbili asubuhi, na ijue mapema ni dereva gani wa tuktuk au teksi anayekubali kuitwa usiku.

Namna ya kupima kwa siku tatu

Kabla ya kulipa amana, familia inaweza kufanya jaribio hili. Gharama yake ni nauli ya siku tatu.

Kwanza, iorodheshe safari zote za wiki: nani, kwenda wapi, mara ngapi, saa ngapi. Madrasa ya Jumamosi, ibada ya Jumapili na safari ya Kongowea kununua mboga za jumla zote ziingizwe. Familia nyingi hushangaa kuona kwamba safari za kazi ni nusu tu ya orodha.

Pili, mmoja wa wazazi asafiri kutoka nyumba inayotazamiwa hadi kazini Jumatatu asubuhi, saa ile ile atakayokuwa akisafiri. Aandike muda wa kila kipande cha safari na nauli aliyolipa. Jumatatu huchaguliwa kwa kuwa msongamano wake hausamehe.

Tatu, arudi kwa njia hiyo Ijumaa jioni. Wakati wa Ramadhani, saa moja kabla ya futari ni kipimo kingine, kwani watu wengi huwahi nyumbani kwa pamoja.

Nne, ajaribu siku ya mvua. Nauli za matatu hazijapangwa na serikali, na wakazi wanajua zinavyopanda mawingu yanapokusanyika. Asiyepata siku ya mvua aulize abiria wawili au watatu kituoni walilipa kiasi gani mvua ilipopiga mara ya mwisho.

Tano, familia ikae pamoja na kujumlisha: kodi, nauli ya mwezi, mlezi wa watoto, basi la shule, maji ya kununua. Jumla hiyo ndiyo bei ya kweli ya nyumba. Pembeni yake iandikwe idadi ya saa za barabarani kwa mwezi, kwa kila mtu. Watoto wenye umri wa kuelewa washirikishwe. Wao ndio watakaoamka.

Kwa ambao hawawezi kuhama

Si kila familia ina uwezo wa kuchagua. Anayeishi katika nyumba ya urithi, au ambaye kodi ya mtaa mwingine imemzidi kimo, bado anaweza kupunguza mzigo wa safari. Kumhamishia mtoto shule ya karibu, hata kama si ile yenye jina, huweza kuirudishia familia saa kadhaa kwa wiki. Kumwomba mwajiri kuanza kazi nusu saa mapema na kutoka nusu saa mapema kunaweza kumtoa mtu katika foleni ya wengi. Wazazi wa jengo moja wanaweza kupeana zamu za kuwasindikiza watoto, ili kila mmoja atoke mapema kwa siku mbili badala ya kuchelewa siku zote tano.

Ipo pia njia ya pamoja. Chini ya Katiba, barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na uchukuzi wa umma barabarani ni majukumu ya serikali ya kaunti, wakati barabara kuu za kitaifa ziko chini ya serikali ya kitaifa. Mkazi anayejua tofauti hiyo anapeleka ombi mahali panapohusika. Mpango wa Maendeleo Jumuishi ya Kaunti wa mwaka 2023 hadi 2027 na bajeti ya kila mwaka hupitia vikao vya kukusanya maoni ya umma. Mzazi anayesimama katika kikao cha wadi na kusema, "Watoto wetu wanavuka barabara hii bila kivuko saa kumi na mbili na nusu asubuhi," huku ameshika karatasi ya vipimo vyake, anasikika kuliko anayelalamika kwa jumla kwamba barabara ni mbaya.

Karatasi ya kubandika ukutani

Familia inayotazamia kuhama muhula huu inaweza kunakili maswali haya na kuyajibu kwa kila nyumba inayoitembelea:

1. Safari ya mtoto kwenda shule ni dakika ngapi, na nani atamsindikiza?
2. Kila mtu mzima atapita daraja, feri au barabara gani, na saa ngapi?
3. Safari hiyo ni dakika ngapi siku ya kawaida, na ngapi siku mbaya?
4. Nauli ya familia nzima kwa mwezi ni kiasi gani? Ikijumlishwa na kodi inafika ngapi?
5. Nani yuko na mtoto kuanzia saa tisa na nusu alasiri hadi mzazi wa kwanza afike?
6. Ni huduma gani zinapatikana kwa miguu?
7. Kazi ya mmoja ikibadilika mwaka ujao, je, mtaa huu bado utafaa?

Nyumba itakayojibu maswali haya saba vizuri huenda isiwe yenye sebule kubwa kuliko zote zilizotembelewa. Lakini itakuwa ile ambayo watu wake wanafika wakiwa bado na nguvu ya kuulizana siku ilikwendaje.